Hata Sisi Tulifanyiwa



Nimeombwa nizungumze juu ya fujo za vyuoni, na nimeambiwa nisivute maneno kwa sababu baadhi yenu mna CAT kesho asubuhi. Sawa. Lakini sitaanza na polisi wala na uchaguzi wa wanafunzi, ingawa huko nitafika. Naanzia chumbani, hosteli, wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza.

Chukua kijana aliyetoka Lamu, au Garissa, au Mumias. Amefika Nairobi na begi moja na barua ya kuitwa chuoni. Bado hajui kutoka Chiromo mpaka Jamia kwa swala ya Ijumaa bila kuuliza njia mara tatu. Usiku wa tatu mlango unagongwa. Wanaingia watano, hakuna anayetaja jina lake. Yeye naye hana jina tena, ni fresha tu. Anaambiwa asimame juu ya kiti ajieleze. Anaambiwa apige magoti. Anaambiwa aimbe wimbo ambao hata ukiwa peke yako ungeona haya kuuimba. Mmoja ana chupa, na ameileta kwa sababu anajua huyu hanywi. Mwingine ameinua simu, anarekodi. Mambo yakiisha wanacheka, wanampiga mgongoni kirafiki, wanamwambia: umeiva, sasa wewe ni wetu. Halafu wanaongeza neno moja: usiseme.

Pengine wewe hayo hayajakufika, alhamdulillahi. Pengine yalikufika ukiwa sekondari. Pengine ulikuwa mmoja wa wale watano. Sitaomba mtu ainue mkono. Ninachotaka tukitazame ni lile neno la mwisho, kwa sababu kipigo hupona, na aibu nayo hupoa polepole, lakini hilo "usiseme" linabaki likifanya kazi miaka na miaka.

Kenya hatuna vyama vya udugu vya wanafunzi kama vile vya Marekani, vyenye majina ya herufi za Kigiriki na nyumba zao wenyewe. Kwa hivyo mtu husema, ah, hayo ni mambo ya sinema, hayatuhusu. Kumbe letu lina umri kuliko uhuru. Toka hapa katikati ya mji, fuata Waiyaki Way kuelekea magharibi. Kabla hujafika Kangemi utaipita Nairobi School. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1931 ikiitwa Prince of Wales School, kwa wavulana wa Kizungu peke yao. Mwaka 1949 ikafunguliwa nyingine ya aina hiyo upande wa Ngong Road, Duke of York, ambayo leo ni Lenana. Walimu walitoka Uingereza na walikuja na desturi za shule za bweni za kwao: mdogo anamtumikia mkubwa, anamng'arishia viatu, anamtandikia kitanda, na kiranja ana ruhusa ya kumchapa. Wanafunzi wapya wa Prince of Wales waliitwa "rabble", yaani kundi la watu ovyo ovyo. Uhuru ukaja, majina ya shule yakabadilika, watoto wa Kiafrika wakajaa madarasani. Ile desturi haikuteremshwa pamoja na bendera.

Neno lililoenea siku hizi ni "mono", na kila aliyelala bweni katika nchi hii analijua. Mono hakanyagi nyasi fulani. Mono hutoa sukari yake. Mono hufua nguo za watu asiowajua, na usiku huamshwa. Endelea mbele kidogo kwenye barabara ile ile mpaka Kikuyu, kuna Alliance High School, iliyoanzishwa na wamisheni mwaka 1926, shule ambayo mzazi akisema mwanangu yuko pale, majirani wananyamaza. Mapema mwaka 2017 habari zikatoka kwamba wavulana wapya walikuwa wakipigwa na wakubwa wao, na viranja wakiwa ndani ya shughuli hiyo. Wizara ya Elimu ikatuma wachunguzi. Watu wakashangaa magazetini kama kwamba jambo limezuka juzi. Lakini waulize wazee waliopitia shule za bweni za namna hiyo, si lazima pale. Wengi watakujibu kwa tabasamu: hata sisi tulifanyiwa.

Hebu tulishike hilo jibu kidogo, maana ndilo linalofungua mlango wa hosteli usiku wa tatu.

"Hata sisi tulifanyiwa" ni kama risiti. Mtu alilipa, na sasa anataka kurudishiwa chake. Hawezi kumdai yule aliyempiga, huyo alishamaliza masomo zamani, ana kazi na familia. Basi anamdai aliyekuja nyuma yake. Huyo naye mwakani atamdai mwingine. Deni linapita mkono hadi mkono, na kila aliyelishika ana hakika kwamba yeye ndiye mdai. Hakuna hata mmoja anayejiona mkosaji. Ndiyo maana utakuta kijana mpole, anayeswali, anayempigia mama yake simu kila jioni, anafanya jambo chumbani kwa mwenzake ambalo akiliona linafanywa barabarani angepiga kelele.

Tena kuna la pili, gumu zaidi. Nikikubali kwamba alichofanyiwa huyu fresha ni dhuluma, itabidi nikubali kwamba nami nilidhulumiwa, na kwamba nililia chini ya blanketi, na kwamba sikumwambia mtu. Kijana wa miaka 19 kulisema hilo mbele ya wenzake ni mlima. Ni rahisi zaidi kusema nilikomazwa. Nami ninapowasikia watu wazima wakisema "ilinifanya mwanamume", huwa nataka kuwauliza: mbona basi unakumbuka jina la yule jamaa mpaka leo?

Wanasema ni utani tu. Mimi utani naujua, na naona unasingiziwa. Utani una pande mbili. Nikikutania leo, kesho unanitania mimi, mbele ya watu wazima, hata msibani, na hakuna anayekunja uso. Mwambie yule fresha amjibu wa mwaka wa tatu kwa kipimo kile kile, halafu uone kama ni utani.

Wanasema ni mila, hata jandoni kulikuwa na maumivu. Ndiyo, kulikuwa na maumivu. Lakini jando lilikuwa na mwenyewe. Ngariba alijulikana kwa jina na kwa nyumba. Kungwi alijulikana. Mtoto akitokwa na damu isiyokatika, wazazi walijua mlango wa kubisha ni upi, na mzee huyo hakuweza kusema hakuwepo. Ilikuwa kazi ya watu wazima, mchana kweupe, na kijiji kizima kilijua ni siku gani itaisha. Sasa niambie, hosteli saa sita usiku ngariba ni nani? Ni watano wasiotaja majina, na mmoja wao amelewa. Ukikiita hicho jando unawatukana babu zako.

Niwatoe nje ya Kenya kidogo, tuone njia hii inafika wapi ikiachwa. Nenda Nigeria. Mwaka 1952, chuoni Ibadan, Wole Soyinka na wenzake sita walianzisha chama walichokiita Pyrates. Walikuwa vijana werevu waliochoshwa na majivuno ya watoto wa wakubwa na ukabila wa wenzao. Nia yao sina ugomvi nayo. Miaka ikapita, vyama vikazaana, vingine vikatoka ubavuni mwa vingine, kila kimoja na kiapo chake na siri yake na namna yake ya kumwingiza mgeni kwa kipigo. Tarehe 10 Julai 1999, alfajiri, watu wa chama kinachoitwa Black Axe waliingia mabwenini katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo, Ife, wakaua wanafunzi watano, mmoja wao katibu mkuu wa chama cha wanafunzi. Kutoka kundi la marafiki saba mpaka maiti tano bwenini ni miaka 47. Hakuna aliyekaa siku moja akapanga kufika huko. Lakini mtu akishafundishwa kunyamazia dogo la ndugu yake, hawezi tena kujua ni lipi litakuwa kubwa mno.

Au nenda Marekani, penye pesa na kamera. Februari 2017, katika nyumba ya chama kimoja cha wanafunzi cha Penn State, jimbo la Pennsylvania, kijana wa miaka 19 aliyekuwa anaingizwa chamani alinyweshwa pombe nyingi kwa muda mfupi, akaanguka ngazini, akaumia kichwa na tumbo. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Ilikuwa na kamera za ulinzi. Walimpandisha kochini, wakamwagia maji, wakamwacha. Simu ya kuita msaada ilipigwa asubuhi, karibu saa 12 baada ya kuanguka. Akafariki. Naomba mnielewe: sidhani mle ndani kulikuwa na mtu aliyetaka afe. Kila mmoja alikuwa anamwangalia mwenzake, na kila mmoja alijua ukipiga simu umekivunjia chama siri yake. Viongozi wawili wa chama kile walihukumiwa kifungo mwaka 2024, miezi 2 hadi 4. Na Desemba mwaka huo huo serikali kuu ya Marekani ikapitisha sheria inayovitaka vyuo vyote vihesabu visa vya namna hii na kuvitangaza hadharani. Angalia walichokichagua: kutangaza. Walielewa kwamba ugonjwa unaishi gizani.

Sasa turudi mjini kwetu.

Kijana aliyezoea kutii amri ya mkubwa asiyetaja jina, na kunyamaza baadaye, huyo ni bidhaa. Na Nairobi ina wanunuzi. Mnaojua kamukunji za chuo mnajua ninachosema. Huwa inaanza na nyimbo na misemo ya makomredi, raha tupu, halafu mahali fulani katikati kunatokea vijana wenye rungu ambao hakuna anayejua nani kawalipia nauli. Mapema Aprili 2016 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifanya uchaguzi wa SONU. Babu Owino akatangazwa mshindi, wapinzani wake wakakataa matokeo, na ndani ya siku chache kukawa na moto, mawe, polisi mabwenini na wanafunzi wakiburutwa. Tarehe 5 chuo kikafungwa, watu wakaambiwa wafunge mizigo. Fikiria wa mwaka wa kwanza ambaye nauli ya kwenda Mandera hana.

Mwisho wa mwaka huo Sheria ya Vyuo Vikuu ikarekebishwa. Wanafunzi wakaondolewa kupiga kura moja kwa moja, wakawekewa wajumbe wa kuwachagulia viongozi, na SONU yenyewe ikaondoka. Maoni yangu, na si lazima mkubaliane nami: wakubwa waliadhibu kura badala ya kumtafuta aliyelipa rungu. Ilikuwa rahisi, maana kumtafuta aliyelipa kungehitaji mtu aseme, na hakuna aliyesema. Soko likabaki wazi, na wala halina mpaka wa chuo. Tarehe 17 Juni 2025 wengi wenu mliona kwa macho yenu, pale katikati ya mji, vijana wamepakiwa kwenye pikipiki na mijeledi mikononi, wanawachapa waandamanaji mchana. Mkono unaoshika mjeledi huo hauzaliwi siku ile. Ulijifunza mahali kwamba mtu akiambiwa piga, anapiga, na haulizi.

Najua sasa hivi kuna anayesema moyoni: huyu anatuambia tuseme, tumwambie nani? Polisi? Polisi gani?

Swali la haki, na sitalikimbia. Mwezi Februari 1985 wanafunzi wa Nairobi walikuwa wamekusanyika uwanjani kwa maombi, wakitetea wenzao waliofukuzwa, wakavamiwa na askari, na mwanafunzi alikufa. Tarehe 28 Septemba 2017 polisi waliingia Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaingia madarasani na mabwenini, wakawapiga hata waliokuwa wamejifungia. Video ziko. Ukizitazama utaona kitu kile kile nilichoanza nacho: mtu kapiga magoti, wengine wamemzunguka, na wote hawana majina. Tofauti ni sare tu.

Yuko pia Solomon Muruli, ambaye vijana wa leo wengi hamumjui. Alikuwa kiongozi wa wanafunzi wa chuo hicho hicho. Novemba 1996 alitekwa na kuteswa. Hakukubali lile "usiseme". Alikwenda kwenye gwaride la utambulisho akamwonyesha kwa kidole afisa wa polisi aliyesema alikuwa miongoni mwa waliomteka. Februari 1997 alikufa kwa moto chumbani kwake, katika kampasi ya Kikuyu. Kwa hivyo mimi sitasimama hapa niwadanganye kwamba kusema hakuna gharama.

Na sisi Waislamu tuna gharama nyingine juu ya hiyo. Aprili 2014, katika ile operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, waliokotwa Eastleigh na kwingineko, wakawekwa uwanja wa Kasarani. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa walichinjwa, watu 148 kwa jumla, na baada ya msiba huo kijana mwenye kanzu au dada mwenye buibui akawa anatazamwa mara mbili kwenye kila lango. Mtu wa namna hiyo akipigwa na wenzake chumbani, unadhani ataharakisha kwenda kituoni? Atasema, nikifika pale swali la kwanza litakuwa kitambulisho changu. Halafu Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, akafa akiwa mikononi mwa polisi, katika Kituo cha Central, ambacho ukitoka lango la chuo unakifikia kwa miguu hata jasho halijakutoka.

Basi jibu langu si "nenda polisi" halafu tukaenda nyumbani. Jibu langu ni usiende peke yako, na usinyamaze peke yako. Wale watano wana nguvu kwa sababu wewe uko mmoja. Siku mtakapokuwa watatu hesabu inabadilika.

Nitawapa mambo ya kushika, nanyi mwandike. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakulinda dhidi ya ukatili wa aina yoyote, uwe unatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Sisitiza hapo kwa mtu binafsi, kwa sababu wengi wanadhani Katiba inamhusu askari tu. Kifungu cha 25 kinasema kutoteswa na kutodhalilishwa ni haki isiyopunguzwa kwa sababu yoyote, na "desturi ya hosteli" haimo. Kumpiga mtu ukamjeruhi ni kosa la jinai, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 5. Ile video ya fresha akiimba kwa magoti, ukiisambaza kumtesa nayo, iko Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inayokungoja. Na usiniambie alikubali mwenyewe. Mtu amezungukwa na watano, mlango umefungwa, ni saa sita usiku, hajui mtu mji mzima; kukubali gani huko?

Ukiumizwa, hospitali kwanza, polisi baadaye. Piga picha majeraha siku hiyo hiyo na tena baada ya siku mbili, maana wekundu wa leo kesho ni weusi, na picha zote mbili zina maana. Nguo usifue. Andika ulichokumbuka kabla hujalala: saa, chumba, sauti gani uliitambua, nani alikaa karibu na mlango. Kama uliguswa kwa njia ya uchafu, uwe mwanamume au mwanamke, saa 72 za kwanza ndizo za dawa ya kukinga virusi, na kule Hurlingham, Nairobi Women's Hospital, kuna kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia tangu 2001. Nambari 1195 ni ya bure. Kwa wadogo zenu walio sekondari nambari ni 116. Kisha ukienda kituoni enda na mtu mzima na rafiki, taka nambari ya OB, taka fomu ya P3 ambayo daktari ataijaza, na usitoke bila hizo mbili. Aliyekuumiza akiwa ni polisi, IPOA iko 1st Ngong Avenue, na kazi yao kisheria ni hiyo.

Sasa nigeukie nyumbani kwetu wenyewe, na hapa naomba mnivumilie.

Tusidhani kwamba kwa kuwa sisi hatunywi basi hatuna mambo haya. Nimezungumza na vijana kutoka vyuo tofauti, na baadhi yao hawakukimbia hosteli, walikimbia jumuiya. Dada wa mwaka wa kwanza amefika na mtandio mfupi, akasimamishwa mbele ya wenzake akaulizwa kwao hawana baba. Kijana amesoma Kurani kwa matamshi ya kwao bara, wakamcheka mpaka hakurudi tena. Mwingine akaambiwa, ukitaka kuwa mwenzetu usikae na wale. Hakuna rungu hapo, hakuna chupa. Lakini kuna mkubwa, kuna mdogo aliyedhalilishwa ili aonekane ameiva, na kuna usiseme, safari hii imevishwa kanzu. Tena hii ni mbaya kwa namna yake, maana yule fresha wa kutoka Lamu, akishafanyiwa vibaya hosteli, mahali pa kukimbilia palikuwa ni kwetu. Tukimfungia, anabaki na wale watano.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba kunyamaza huko tunakuita sitara. Tunasema tumstiri ndugu yetu. Sitara ni kwa mtu aliyejikwaa mwenyewe na kujutia. Anayempiga mtu kila Septemba humstiri, unamsaidia. Kumsitiri mwenye kudhulumu kwa gharama ya aliyedhulumiwa sijapata kumsikia shekhe yeyote akiliruhusu.

Wanafunzi wapya wanakuja. Mwaka jana wewe ulikuwa mwenye begi, mwaka huu una ufunguo wa chumba, unajua ni chakula gani cha mesi usile, unajua matatu ya kwenda Kikuyu inasimama wapi. Una madaraka madogo, na hayo madogo ndiyo hatari. Usiku ule mlango wa chumba cha jirani ukigongwa, utasikia. Kuta zile ni nyembamba, kila kitu kinasikika. Sikuombi upigane na watu watano. Toka tu, simama mlangoni, uwashe taa ya ukumbini, umwite yule mgeni kwa jina lake. Kwa jina, si fresha. Kwa hivyo itabidi uwe umeliuliza mapema, siku ya kwanza, ukimsaidia begi. Watu wasiotaja majina hawapendi kusikia majina, utaona wanavyoanza kutazamana.

Na kama wewe ulikuwa mmoja wao mwaka uliopita, yule uliyemfanyia bado yuko, mnapishana naye ngazini. Unajua chumba chake. Video kama unayo, ifute mbele yake, umwombe radhi kwa mdomo wako, si kwa ujumbe wa simu. Akikataa kukusamehe ni haki yake, usimlazimishe. Akiamua kukushtaki, pia ni haki yake.

Viongozi wa jumuiya, kwenu nina ombi moja tu. Chagueni watu wawili, kaka mmoja na dada mmoja, wa mwaka wa tatu au wa nne, majina yao na nambari zao zibandikwe pale vinapowekwa viatu, wapya wazione kabla ya swala ya kwanza. Kazi yao iwe ni kupokea simu saa yoyote na kumsindikiza mtu hospitalini na kituoni. Wasiwe mahodari wa kutoa mawaidha. Wawe watu wanaoamka simu ikilia.

Nimeona kuna karatasi za maswali zimejaa hapa mbele, na nyingine hazina majina, sawa, leo nazikubali hivyo hivyo. Dada aliye karibu na dirisha ameinua mkono tangu nilipotaja P3. Tuanze naye.